Krosova ya kapasita za feni: shajara ya spika mbili

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimefungua migongo ya maboksi mawili ya spika ambayo yamekaa sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka sita, na nilichokikuta ndani kimenieleza kwa nini sauti za waimbaji wa kike zimekuwa zikinichoma masikio muda wote huo. Kila boksi lina wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 6.5 na tuita (spika ya sauti nyembamba) ya inchi 1 yenye kuba la hariri, zote zikiwa zimeandikwa omu 8, na kwa kweli si vifaa vya kudharau. Lakini kati ya tuita na waya unaotoka kwenye amplifaya kuna kapasita moja tu ya elektroliti ya mikrofaradi 2.2, iliyobandikwa kwa gundi ya moto, ilhali wufa imeungwa moja kwa moja bila kizuizi chochote. Hiyo ndiyo krosova yote.

Krosova kazi yake ni kugawa masafa: sauti nzito ziende kwenye wufa, nyembamba ziende kwenye tuita, na pale zinapokabidhiana msikilizaji asitambue kwamba kumekuwa na makabidhiano. Kapasita hupitisha masafa ya juu na kuyazuia ya chini, na koili hufanya kinyume chake. Kapasita ya mikrofaradi 2.2 ikikaa mbele ya mzigo wa omu 8, mpaka wake unaangukia karibu na hezi 9,000. Maana yake ni kwamba tuita zangu zilikuwa zimelala wakati wufa zikiachiwa zipande zitakavyo, hadi kwenye hezi 4,000 na 5,000 ambako koni ya ukubwa ule haisukumi tena hewa kama kitu kimoja, bali hujikunja vipande vipande na kutoa makelele yake yenyewe. Taarabu, yenye fidla nyingi na sauti ya mwimbaji iliyo mbele kabisa, haisamehi kasoro ya namna hiyo.

Nimeamua mpaka uwe hezi 2,500. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 2,500 lina urefu wa sentimita 14, ambao unakaribia kulingana na kipenyo cha koni ya wufa. Ukipanda zaidi ya hapo wufa huanza kumulika mbele kama tochi na aliyeketi pembeni hukosa sehemu ya muziki. Upande wa pili, tuita haitakiwi kushushwa karibu na masafa ya mtetemo wake wa asili, ambayo nitayapima. Nimejiwekea sharti moja, nalo ni kwamba sitaagiza kitu chochote kutoka nje ya nchi.

Jumatano, 12 Machi

Jioni nzima ya leo imekwenda kwenye hesabu. Nimechagua mpangilio unaobeba majina ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wawili wa Hewlett-Packard, ambao ulijulikana kwa makala ya Linkwitz ya mwaka 1976. Mpangilio wa zamani zaidi, uliojengwa juu ya kazi ya Mwingereza Stephen Butterworth ya mwaka 1930, huacha kila spika ikiwa imeshuka desibeli 3 tu kwenye mpaka, na katika daraja la pili, zikijumlishwa baada ya tuita kugeuzwa, hutokea nundu ya desibeli 3. Katika mpangilio wa Linkwitz na Riley kila upande hushuka desibeli 6, na jumla yake hubaki tambarare.

Kwa daraja la pili, yaani kapasita moja na koili moja kila upande, kapasita kwa faradi ni 0.0796 ikigawanywa kwa ukinzani mara masafa, na koili kwa henri ni 0.3183 mara ukinzani, ikigawanywa kwa masafa. Nikiweka omu 8 na hezi 2,500 napata mikrofaradi 3.98 na milihenri 1.02, na thamani hizo ni zile zile kwa wufa na kwa tuita. Kwa hiyo mahitaji yangu kwa maboksi mawili ni kapasita nne za mikrofaradi 4 na koili nne za milihenri 1. Kanuni inaagiza pia kwamba tuita iungwe kinyume, chanya kwenye hasi, kwa sababu kwenye mpaka pande mbili hizi hupishana fezi (nafasi ya wimbi katika mzunguko wake) kwa nyuzi 180.

Hesabu hizi zina utulivu unaomfanya mtu alale vizuri. Nimelala vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Kapasita zimepatikana, na zimepatikana mahali ambapo kila mtu anapita kila siku. Nilizunguka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya redio nikiulizia kapasita za filamu, nikaonyeshwa za elektroliti peke yake, na kijana mmoja wa dukani akanishauri niunge mbili mgongo kwa mgongo ili zisiwe na chanya wala hasi. Njia hiyo inafanya kazi, na mafundi wengi wa mitaani ndiyo wanayoitumia, ila thamani hugawanyika nusu, kapasita za elektroliti hukosea kwa asilimia 20 bila aibu, na joto la Dar es Salaam huzikausha. Ile ya zamani niliyoing'oa, iliyoandikwa 2.2, leo inapima 1.6.

Nikiwa njiani kuondoka nilipita duka la vifaa vya umeme wa majumbani, na juu ya meza kulikuwa na rundo la kapasita za feni, zile nyeusi za mstatili zenye waya mbili. Zimeandikwa CBB61, na herufi CBB katika mfumo wa Kichina humaanisha filamu ya polipropilini. Hiyo ndiyo aina ile ile ambayo watengenezaji wa spika za bei mbaya hujivunia. Ya mikrofaradi 4 hutumika kwenye feni kubwa na imetengenezwa kustahimili volti 450 za umeme wa kupishana, wakati amplifaya ya wati 50 kwenye omu 8 hufikia volti 20 tu. Nimenunua sita ili nichague. Zimepima 3.91, 3.94, 3.96, 3.97, 4.02 na 4.05. Nimezipanga jozi kwa jozi ili boksi la kushoto lifanane na la kulia, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kupata 3.98 kamili. Fundi akisema kondensa, anamaanisha kitu hiki hiki.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya koili. Koili za kununua zilizopo sokoni zina kiini cha chuma chembamba, na chuma kikizidiwa na mkondo mkubwa hushiba, koili ikapoteza thamani yake katikati ya muziki. Koili ya hewa haina tatizo hilo. Gharama yake ni kwamba hula waya mwingi.

Waya wa shaba wenye vanishi unauzwa kwa kilo na mafundi wa kuwaindi mota, nami nilikwenda Gerezani kwa mzee mmoja ambaye hufufua mota za pampu na za mashine za kusaga. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimwomba nusu kilo ya waya wa milimita 1 na robo kilo ya milimita 0.7. Akaniuliza ninawaindi mota gani. Nilipomwambia ni koili ya mizunguko 156 isiyo na chuma katikati, aliacha mizani akanitazama. "Mota isiyo na kiini itazunguka na nini?" Nikamweleza ni ya spika, haizunguki. Akacheka, kisha akanipa ushauri ambao sikuusoma popote: "Basi mwanangu, usilegeze mkono. Waya uliolegea hulia." Na ni kweli, kwa sababu mizunguko iliyolegea hutikiswa na mkondo wa muziki na koili yenyewe hugeuka spika ndogo yenye sauti mbaya.

Umbo la koili si la kubahatisha. Mwaka 1931 mtafiti Mmarekani aitwaye Brooks alionyesha kwamba kwa urefu fulani wa waya, koili hutoa thamani kubwa zaidi ikiwa mkato wa vilima vyake ni mraba, na kipenyo cha tundu la katikati ni mara mbili ya upande wa mraba huo. Kwa milihenri 1 na waya wa milimita 1, ambao pamoja na vanishi na ulegevu wa mkono nimeuhesabu kuwa milimita 1.1, tundu linatakiwa kuwa milimita 28 na upana wa milimita 14. Bomba la PVC nililonalo lina kipenyo cha nje cha milimita 32, na nikaona tofauti hiyo si ya kunifanya nitafute mtu wa kuchonga. Kwa bomba hilo, kanuni ya Harold Wheeler ya kukadiria thamani ya koili inanipa tabaka 13 za mizunguko 12, jumla 156, waya mita 22.7, ukinzani nusu omu na uzito wa gramu 160. Visahani vya pembeni nimevikata kwenye plaiwudi nyembamba kwa kipenyo cha milimita 75, vikubwa kuliko haja, kwa sababu tu ndicho kipenyo cha msumeno wa duara nilioazima.

Nilipitisha boliti ndefu katikati, nikaibana kwenye drili ya mkono iliyofungwa mezani, nikawa naizungusha polepole kwa mkono mmoja na kuvuta waya kwa mwingine. Tabaka tano za kwanza zilikaa kama zimechorwa. Kuanzia ya sita waya ulianza kupanda juu ya mwenzake kwenye kona, na tangu hapo nikaridhika na kitu kinachofanana na kazi nadhifu kwa mbali. Koili ya kwanza ilipima milihenri 0.93 badala ya 1. Nilitafuta kosa kwenye kanuni, kwenye kipimo, kwenye kipenyo, kabla sijakumbuka kwamba katikati ya kazi jirani alibisha hodi kuomba ngazi. Thamani ya koili hufuata mraba wa mizunguko, ukigawanya 0.93 kwa 1.007, yaani thamani iliyotarajiwa kwa mizunguko 156, na kuchukua kipeuo cha pili, ukazidisha kwa 156, unapata 150. Sita zilikwenda na ngazi. Nikaongeza sita, ikasoma 1.01.

Jumapili, 23 Machi

Koili tatu zilizobaki zimekamilika: moja ya wufa kwa waya ule ule, na mbili za tuita kwa waya wa milimita 0.7, mizunguko 161 kila moja, ukinzani karibu omu 0.9. Koili ya tuita hukaa sambamba na tuita na haibebi mkondo wa besi, hivyo waya mwembamba hauidhuru. Nimezifunga zote kwa uzi na kuzipaka vanishi ya mbao. Mkono wa kulia unauma.

Jumamosi, 29 Machi

Ramadhani inamalizika na mtaa haulali, na juu ya hayo masika yameanza, hivyo kupima chochote kwa maikrofoni chini ya paa la bati ni kujidanganya. Nimelehemu krosova ya kwanza kwenye kipande cha plaiwudi na kusikiliza kwa masikio tu.

Kabla ya hapo nilifanya jaribio moja dogo ambalo nalipendekeza kwa yeyote. Nilipitisha sauti ya hezi 1,000 kwenye koili ya wufa na kupima volti kwenye koili ya tuita ambayo haikuungwa na kitu. Zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu, nilipata milivolti 31. Nilipoisimamisha ya tuita kwa pembe mraba na kuisogeza upande wa pili wa ubao, zilibaki milivolti 2. Koili mbili zilizo karibu ni transfoma, hata kama hakuna aliyezikusudia ziwe hivyo, na besi iliyozuiwa kwa jasho hupenya tena kwa mlango wa nyuma.

Matokeo ya kusikiliza: ule ukali umepungua sana, na hilo pekee lingetosha kumfurahisha mtu mwenye haraka. Lakini waimbaji sasa wanasikika kama wamesogea hatua mbili mbele ya bendi na kuinama juu ya meza yangu, na gita la rithimu la muziki wa dansi lina sauti ya puani. Niligeuza tuita ya boksi moja kama kanuni inavyoagiza, nikasikiliza, nikairudisha, nikasikiliza tena. Nilitarajia tofauti ya wazi kati ya shimo na tambarare, lakini sikuweza kuapa ni ipi iliyo bora. Jambo hili limenikosesha raha kuliko sauti ya puani, kwa sababu kama fezi zingekuwa zinapishana kwa nyuzi 180 kama hesabu ilivyosema, hata mtu mwenye mafua angesikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeacha kusikiliza, nimepima. Nilichukua rezista ya omu 100, nikaiunga mfululizo na spika, nikapeleka mawimbi kutoka kwenye kadi ya sauti ya kompyuta, na programu ya REW, ambayo hupatikana bure, ikalinganisha volti za pande mbili na kuchora impidansi, yaani ukinzani dhidi ya umeme wa kupishana, kwa kila masafa. Kwanza nilipima rezista ya omu 10 ninayoiamini ili kuhakiki chombo.

Wufa iliyoandikwa omu 8 ina ukinzani wa omu 6.5 kwa umeme wa moja kwa moja. Juu kidogo ya hezi 200 inakaa karibu na omu 7, kisha inaanza kupanda, na kwenye hezi 2,500, pale pale nilipoweka mpaka, inafika karibu omu 11, kwa sababu koili ya sauti iliyo ndani yake nayo ni koili kama zangu, yenye takriban milihenri 0.55. Tuita ina kilima chake, yaani masafa ya mtetemo wake wa asili, kwenye hezi 1,050, na hilo ni zuri, kwani mpaka wangu uko zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo ile omu 8 niliyoiweka kwenye kanuni tarehe 12 Machi haipo mahali popote kwenye wufa yangu isipokuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake. Nimerudia hesabu kwa impidansi iliyopimwa: kwenye hezi 2,500 krosova yangu haikuwa ikiishusha wufa kwa desibeli 6, bali kwa 3.3 tu, na fezi yake haikuwa imegeuka nyuzi 90 bali 37. Kanuni haikukosea. Kanuni ilitungwa kwa ajili ya rezista, nami nikaipa spika.

Tiba ya kupanda kwa impidansi ni ya zamani na inaitwa kwa jina la mhandisi Otto Zobel: rezista na kapasita zilizofuatana, zikiwekwa sambamba na wufa. Rezista huwa mara 1.25 ya ukinzani wa wufa, kwangu omu 8.1, na kapasita ni henri za koili ya sauti zikigawanywa kwa mraba wa rezista hiyo. Nimetumia rezista ya saruji ya omu 8.2 na wati 10, na hesabu ya kapasita ikaja mikrofaradi 8.2. Kapasita ya pampu ya maji ya mikrofaradi 8 ilikuwa dukani kule kule kwenye zile za feni. Baada ya kuiunga, mstari wa impidansi ambao ulikuwa unapanda kama ngazi sasa umelala karibu na omu 7 hadi mwisho wa masafa yanayonihusu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ilikatika saa nane usiku, umeme ulikuwepo, na jirani mwenye redio alikuwa amesafiri. Nilipima sauti yenyewe.

Boksi nililiweka juu ya stuli ndefu ili spika ziwe mita 1.35 kutoka sakafuni, ambayo ni nusu ya kimo cha chumba, na maikrofoni mita 1 mbele yake kwa kimo hicho hicho. Sauti inayodunda sakafuni au darini husafiri njia ndefu zaidi kwa mita 1.88 na kuchelewa milisekunde 5.4, kwa hiyo nikikata rekodi kabla ya muda huo ninabaki na spika peke yake bila chumba. Gharama yake ni kwamba chini ya hezi 190 hivi mchoro hauna maana. Huko nilipima kwa kuisogeza maikrofoni karibu kabisa na koni. Tuita niliilinda kwa kapasita kubwa mfululizo kila nilipoipima peke yake, maana wimbi moja la besi lililopotea njia linatosha kuiunguza.

Mchoro umeonyesha mambo mawili. La kwanza ni lile la kugeuza tuita: tofauti kati ya kuunga sawa na kuunga kinyume kwenye hezi 2,500 ni desibeli 1.5. Masikio yangu hayakuwa yamenidanganya. Sababu yake ni kwamba fezi za spika hazitokani na krosova peke yake. Koni ya wufa imezama ndani, na chanzo chake cha sauti kiko takriban milimita 25 nyuma ya kuba la tuita, ambazo kwenye wimbi la sentimita 14 ni nyuzi 64. Koili ya sauti ya wufa huongeza ucheleweshaji wake, na tuita, kwa kuwa nayo hushuka kwa asili yake chini ya hezi 1,050, huongeza wa kwake kwa upande wa pili. Zote zikijumlishwa, pande mbili zilikuwa zinapishana kwa karibu nyuzi 80 ukiunga sawa na 100 ukiunga kinyume, yaani karibu robo ya mzunguko kwa vyovyote vile. Hapo hapana shimo wala hapana tambarare.

La pili ni lile la waimbaji kuinama mezani. Sauti nzito huzunguka boksi na kusambaa pande zote, wakati sauti nyembamba huzuiwa na ubao wa mbele na kurushwa mbele tu, hivyo mbele ya boksi masafa ya juu hupata nyongeza inayofikia desibeli 6. Badiliko hilo huanza pole pole, na katikati yake hupatikana kwa kugawanya 115 kwa upana wa ubao kwa mita. Ubao wangu ni mita 0.22, na jibu ni hezi 523. Kuanzia hapo hadi hezi 2,000 spika yangu ilikuwa na mgongo kama wa ng'ombe.

Kuna mafundi wanaoondoa mgongo huo kwa koili ya ziada na rezista. Nilijaribu njia nyingine kwanza kwenye kompyuta, kwa programu ya VituixCAD: niliacha kila kitu kama kilivyo na kuikuza koili ya wufa peke yake. Koili kubwa huanza kushusha mapema na kwa upole, na huo mteremko wa mapema ndio unaokula mgongo wa ubao. Kwa milihenri 1.8, pamoja na kapasita ile ile ya feni na Zobel, wufa inashuka desibeli 1.8 kwenye hezi 500, karibu 5 kwenye hezi 1,000, na 12 kwenye 2,500. Ukiondoa desibeli 6 ambazo ubao unaongeza, inabaki imeshuka 6 kwenye mpaka, ambayo ndiyo hasa niliyoitaka tangu siku ya pili ya shajara hii.

Jumapili, 13 Aprili

Ule msumeno wa kuazima umeniokoa. Milihenri 1.8 zinahitaji tabaka 17 za mizunguko 12, yaani 204, na kipenyo cha nje kinafika milimita 69. Visahani vya milimita 75 vina nafasi. Nimekwangua vanishi kwenye ncha, nikalehemu kipande kipya, nikafunika kiungo kwa karatasi ya mota niliyopewa na mzee wa Gerezani, na kuongeza mizunguko 48 kwenye kila koili ya wufa. Zimepima 1.82 na 1.80. Ukinzani umepanda hadi omu 0.7, jambo linalokula chini kidogo ya desibeli 1 ya sauti ya wufa. Ningependa waya mnene zaidi, lakini nusu kilo yangu imebaki gramu zipatazo 40.

Kwa kuwa wufa sasa ina sauti ya chini zaidi, tuita nayo lazima ishushwe, na kwa desibeli 6 nimetumia rezista ya omu 3.9 mfululizo na ya 8.2 sambamba na tuita, baada ya koili. Jozi hiyo hupunguza sauti kwa desibeli 5.9 na bado krosova inaona karibu omu 8.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, na mtaa umetulia tangu asubuhi. Nilipima kwanza tuita ikiwa imegeuzwa kama kanuni inavyoagiza. Kwenye hezi 2,500 kulikuwa na shimo la desibeli zipatazo 17, jembamba na lenye kingo zinazofanana pande zote mbili. Kisha nikaigeuza, chanya kwenye chanya, na shimo likafungika hata sikuweza kuonyesha kwa kidole lilipokuwa. Kati ya hezi 300 na 10,000 mstari sasa unacheza ndani ya desibeli 2 juu au chini.

Nilikaa na michoro hiyo miwili kwa muda, kwa sababu inapingana na karatasi yangu ya tarehe 12 Machi na bado yote mawili ni sahihi. Umeme unashuka kwa desibeli 12 kwa kila oktavu (kila masafa yanapobadilika mara mbili), kama nilivyohesabu. Sauti yenyewe, baada ya kuongezewa mteremko wa asili wa wufa kwa juu na wa tuita kwa chini, pamoja na zile milimita 25, inashuka kwa kasi inayokaribia desibeli 24, na hapo spika mbili huwa karibu fezi moja bila kugeuzwa. Nimejenga krosova ya daraja la nne kwa vipuri vya daraja la pili. Ningependa kusema nilikusudia.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Boksi la pili limefungwa, na vipimo vyake vinafuata vya kwanza kwa tofauti isiyozidi desibeli 1. Krosova nimeziweka sakafuni mwa boksi, mbali na sumaku ya wufa, koili zikiwa zimetazamana kwa pembe mraba na kufungwa kwa vibanio vya plastiki badala ya boliti ya chuma, kwani boliti ikipita katikati ya koili ya hewa huibadilisha thamani. Rezista za saruji zimeinuliwa milimita 10 juu ya ubao kwa sababu hupata moto.

Tumesikiliza taarabu kuanzia alasiri. Fidla zimerudi nyuma ya mwimbaji, na kanuni (ala ya muziki, si ya hesabu), ambayo nilizoea kuisikia kama mchakacho, sasa inasikika kuwa ina nyuzi. Kwenye singeli ya vijana wa jirani nilisikia mlio hafifu kutoka ndani ya boksi la kushoto sauti ilipopandishwa, nikafungua mgongo na kuigusa koili ya wufa kwa kidole, ukanyamaza. Ni zile tabaka nne za juu, nilizozivuta nikiwa nimechoka. Kesho nitaipaka vanishi mara ya pili na kuikaza kwa uzi.